Chupa Ndani ya Silinda

(Maandishi ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na Klabu ya Fizikia ya shule)



Kwa wasionifahamu, kazi yangu mpaka nilipostaafu ilikuwa ufundi wa silaha serikalini. Sikuja kumsifia mtu bastola. Nimekuja kujibu swali nililoletewa kwa barua na kijana wa Kidato cha Tatu. Anauliza hivi: ikiwa risasi ya bunduki huenda mbio kuliko ya bastola, kwa nini wasiitie ndani ya bastola mambo yakaisha? Swali zuri, na jibu lake limo ndani ya kitabu chenu cha fizikia, katika sura za shinikizo na msuguano.

Tukumbushane kwanza chombo chenyewe. Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, aghalabu yenye vyumba sita, kila chumba na risasi yake. Ile ya kizamani, mnayoiona katika sinema za Wamarekani wenye kofia pana, sharti uikoki nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila mpigo, na mwendo huohuo wa nyundo ndio unaoizungusha silinda. Kifyatulio kina kazi moja tu, kuiachia nyundo. Sasa, ili silinda izunguke, lazima pawe na mwanya kati ya vitako vya risasi na ukuta wa fremu ulio nyuma yake. Ni mwanya mdogo, unene wa karatasi mbili tatu, lakini upo. Shikeni mwanya huo akilini, kwani ugomvi wote umezaliwa humo.

Ganda la risasi ya kawaida ya rivolva limenyooka kama bilauri. Ganda la risasi ya bunduki ya mbio lina umbo la chupa ya soda: mwili mpana, bega, kisha shingo nyembamba inayoshika kichwa cha risasi. Faida yake ni kwamba baruti nyingi husukuma kichwa kidogo.

Wala chupa ndani ya rivolva si jambo geni. Mwaka 1873 Winchester walitoa bunduki yao mashuhuri pamoja na risasi iitwayo .44-40, yaani ya inchi .44 yenye greni 40 za baruti nyeusi. Kuanzia mwaka 1878 Colt waliitengenezea rivolva yao ya kukoki kwa gumba, ili mtu wa porini abebe mfuko mmoja wa risasi kwa bunduki na bastola. Risasi hiyo ina shingo, na ilifanya kazi bila ubishi. Lakini bega lake ni dogo mno, huwezi kuliona vizuri bila kulipapasa, na shinikizo la baruti nyeusi lilikuwa la upole.

Mambo yalibadilika karibu na mwaka 1960. Wawindaji wa wanyama wadogo huko Marekani walitaka bastola yenye risasi ya mbio, isiyoshuka upesi njiani. Winchester walitoa .256 Magnum, Remington wakatoa .22 Jet. Zote mbili zilizaliwa kwa ganda moja, lile la .357 Magnum la mwaka 1935, ambalo ni bilauri iliyonyooka. Walilibana mdomo likawa chupa. Kwa hiyo mnaona, vijana, hapa tuna jaribio safi kabisa, kana kwamba mwalimu wa fizikia ndiye aliyelipanga: kitako kilekile, shinikizo linalokaribiana, kilichobadilika ni umbo.

Remington walitangaza kwamba kichwa cha greni 40, yaani gramu 2.6 hivi, kingetoka kwa futi 2,460 kwa sekunde, kama meta 750. Waliopima wenyewe walipata pungufu, lakini hata hiyo pungufu ilikuwa mbio kweli kwa bastola. Smith & Wesson waliitengenezea rivolva yao, Model 53, mwaka 1961. Hiyo inaweza kukokiwa kwa gumba au kwa kuvuta kifyatulio, lakini kwa hesabu yetu silinda ni silinda. Ikapigwa mara moja, na mara nyingine silinda ikagoma kuzunguka.

Kwa nini? Fanyeni hesabu pamoja nami. Chukua shinikizo la megapaskali 250, na kitako chenye kipenyo cha ndani cha milimeta 9. Eneo ni milimeta za mraba 63 na kitu. Kani inayokisukuma kitako kurudi nyuma ni karibu nyutoni 16,000, sawa na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Ganda lililonyooka hujitetea: shaba hutanuka, hubana kuta za chumba, na msuguano hupunguza pigo linaloufikia ukuta wa nyuma. Hata likisogea kidogo bado linabana, kama ngozi ya pistoni ndani ya bomba la baiskeli.

Ganda lililochongoka halina bahati hiyo. Chukua vikombe viwili vya plastiki vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine. Vinashikana sana, lakini kivute cha ndani kidogo tu, vinaachana. Ndivyo .22 Jet ilivyokuwa, maana bega lake ni refu na la mteremko. Likishateleza kidogo, kitako kinagonga ukuta wa fremu. Papo hapo bega linasukumwa mbele mpaka likajaza chumba, kwa hiyo ganda limerefuka. Shinikizo likiisha, ganda halina pa kurudi. Limekaa kama kabari kati ya silinda na fremu, na gumba lako linavuta nyundo isiyokuja.

Ukipaka mafuta ndani ya vyumba, mambo huharibika zaidi, maana umeuondoa hata ule msuguano mdogo uliokuwapo. Wenye Model 53 waliagizwa wafute vyumba vikauke kabisa. Mimi, kwa maoni yangu, silaha inayotaka mpigaji awe na kitambaa kikavu mfukoni kila saa haijamalizika kubuniwa. Wengi waliitumia kwa vipande vya kuingizwa vyumbani vilivyopokea risasi ndogo za kawaida za .22, kwani nyundo yake ilikuwa na swichi ya kuchagua pini ya kupigia. Utengenezaji ulikoma mwaka 1974.

Ruger walikuwa na rivolva ya kukoki kwa gumba, Blackhawk, nao walikusudia kuitia .256. Walipokutana na tatizo hilohilo hawakuipeleka sokoni. Waliiondoa silinda, mahali pake wakaweka kizuizi cha chuma kinachogeuzwa kwa mkono, na mwaka 1963 wakatoa Hawkeye, bastola ya risasi moja tu iliyofanana na Blackhawk kwa sura. Haikuuzwa sana, zilitengenezwa zaidi kidogo ya 3,000. Hata hivyo mimi huwavulia kofia wahandisi hao. Kumwambia mwenye kiwanda kwamba bidhaa aliyoitaka haiwezekani kwa umbo hilo, na kumletea nyingine inayofanya kazi, ni ushujaa ambao hautolewi nishani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Ruger haohao waliitengenezea Blackhawk risasi ya .30 Carbine, yenye shinikizo kubwa lakini isiyo na shingo. Ina kelele za kupasua masikio, lakini silinda inazunguka. Miaka ya baadaye Magnum Research, kwa rivolva yao kubwa ya kukoki iitwayo BFR, walifika mpaka .30-30, ambayo ni chupa ya bunduki hasa. Fremu ni nene na silinda ni ndefu, na chombo ni kizito, si cha kufunga kiunoni ukaenda nacho mbali.

Basi, kijana wa Kidato cha Tatu, jibu lako ni kwamba inawezekana, kwa gharama ya chuma kingi. Nimemwachia mwalimu wa fizikia mfano wa ganda na chumba niliouchonga kwa mninga, mara kumi ya ukubwa wake, bega nimelipaka rangi nyekundu. Upake sabuni, uusukume, kisha uufute ukauke na kuusukuma tena. Mizani ya springi ya maabara itakupa tarakimu.