Miguu Isiyotulia Usiku

Umejilaza, usingizi unanyemelea, mara unahisi kama kitu kinatambaa ndani ya miguu, hadi uinuke utembee. Ukitembea unapata nafuu. Ukirudi kitandani, ni yaleyale. Huo ni ugonjwa wa miguu isiyotulia, ambao daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliueleza kwa kina mwaka 1945.

Chanzo kimojawapo kiko kichwani. Ubongo huhitaji madini ya chuma ili utengeneze dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa mwili. Chuma kikipungua ubongoni, mfumo huo huyumba, hata kama kipimo cha wingi wa damu kinaonyesha uko sawa. Ndiyo maana hupimwa pia feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Kwa mtu mzima mwenye dalili hizi, feritini isiyozidi mikrogramu 75 kwa lita humfanya daktari afikirie kumwongezea chuma.

Wajawazito na wagonjwa wa figo huathirika zaidi. Ili kupata chuma, kula nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Chai usinywe pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Ila usijinunulie vidonge vya chuma kiholela. Chuma kikizidi hudhuru ini na moyo. Nenda kituo cha afya, upimwe kwanza.