Kabla Mafao Hayajawa Boti

Msikilizaji wa Bagamoyo, Kilwa na Tanga, umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Mafao hujayashika, lakini moyoni boti mpya umeshainunua. Ngoja kidogo.

Bei ya boti ni mwanzo tu. Kuna mashine, nyavu, mafuta, barafu na leseni. Boti ya mbao inataka kalafati: pamba inagongwa kwenye nyufa kati ya mbao, na kazi hiyo haiishi. Kusi likichachamaa, chombo kinalala pwani. Hakiingizi kitu.

Halafu, nani atakwenda baharini? Wewe? Magoti yako unayajua mwenyewe. Nahodha wa kuajiri? Mchunguze kwanza. Samaki wanaweza kuuzwa hukohuko majini, wewe umekaa barazani.

Basi, kabla ya kulipa, nenda kwa ofisa uvuvi, ulizia usajili na leseni. Mtafute mwenye boti kama hiyo, akupe hesabu ya msimu wa kusi, si ya mwezi wa neema. Mpeleke fundi akague mkuku.

Narudia: bei ya boti ni mwanzo tu. Tenga kwanza pesa ya chakula na matibabu. Inayobaki ndiyo ya boti. Isipotosha, hata mtumbwi unavua.