Lalibela Wakati wa Jua na Wakati wa Mvua

Jioni hii twataka kuwasimulia habari za mji wa Lalibela, ulioko katika milima ya Uhabeshi, mahali palipoinuka kadiri ya mita 2,500 juu ya bahari. Twalifika huko mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Januari 2018, wakati wa jua. Tulifuatana na baba yetu mzazi, aliyekuwa mwalimu wa dini kijijini miaka mingi. Wakristo wa huko huadhimisha Noeli tarehe 7 Januari, baada ya kufunga siku nyingi bila nyama wala maziwa. Nchi ilikuwa kavu, na njia zote zimejaa watu waliovaa mashuka meupe, wengine wamekuja kwa miguu kutoka mbali sana. Usiku walilala nje katika baridi kali, wakijifunika mashuka yale yale. Kwenye kanisa la Bete Maryam mapadre waliimba kwa kupokezana, hawa juu ukingoni, hawa chini uani, kwa ngoma na kayamba za chuma, wakiegemea fimbo ndefu. Kwani ibada yao ni ya kusimama.

Makanisa 11 ya mji huo hayakujengwa kwa matofali. Yalichongwa katika mwamba wenyewe, na mapokeo yasema ya kwamba ni kazi ya mfalme Lalibela, aliyetawala karibu na mwaka 1200, akitaka kufanya Yerusalemu ya pili. Hata kijito cha mji huitwa Yordani. Kanisa la Bete Giyorgis lina umbo la msalaba, nalo limo shimoni, hata mtu asimamaye ukingoni huona paa lake usawa wa miguu yake.

Baba alitaka kushuka. Sisi tukautazama msongamano katika ule mfereji mwembamba, tukaitazama na miguu yake, tukamwambia, "Ngoja kwanza, baba, tutarudi watu wakipungua." Akaketi juu ya jiwe, akanyamaza. Hawakupungua, na kesho yake alfajiri motokaa yetu iliondoka. Kabla ya mwaka kwisha baba alifariki.

Tulirudi Agosti 2019. Hayo ndiyo majira ya mvua, na milima ilikuwa ya kijani kibichi, ukungu umelala mabondeni. Wageni walikuwa haba, tope tele. Makanisa mengine yalikuwa yamefunikwa kwa mapaa makubwa yaliyowekwa mwaka 2008, maana mwamba ule ni laini na maji huula. Hayapendezi macho, twakiri. Lakini aliyeiona mvua ile hatayacheka.

Bete Giyorgis halikuwa na paa la namna hiyo. Tulishuka polepole, maji yakitiririka miguuni. Mbele yetu alishuka mzee mmoja, umri wake kama wa marehemu baba, mkono mmoja ukutani na mwingine umeshika fimbo. Hakusaidiwa na mtu, wala hakuteleza. Tulivua viatu mlangoni, tukaingia gizani pamoja naye, na viroboto wa mazulia wakatupokea kama kawaida yao. Mzee aliubusu ukuta, akasimama kimya muda mrefu. Nasi tulisimama.

Tulipopanda tena tulilitafuta lile jiwe. Lilikuwa limelowa. Tukaketi hapo mpaka mvua ikakatika.