USALAMA WA FUNDI MLINGOTINI

Mlingoti wa jahazi na mlingoti wa redio hutofautiana kwa kazi, lakini hatari ya kuupanda ni moja. Kigali, mji wa vilima ulio mbali na bahari, waijua milingoti ya chuma. Kuanzia mwaka 1965 hadi 2015, kituo cha Kinyinya kilirusha matangazo ya Deutsche Welle, yakiwemo ya Kiswahili. Leo ipo milingoti ya simu.

Wasikilizaji huipata sauti. Aliyepanda kukaza nati hawamwoni. Mtu aangukaye kutoka mita 10 hufika chini kwa sekunde moja na nusu hivi, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Hapo hapana ustadi uwezao kumwokoa. Kwa hiyo kinga haina budi kutangulia: mkanda wa mwili mzima, kamba mbili ili moja iwe imefungwa wakati wote, mtambo uzimwe, na kazi isimame mara radi isikikapo. Tena asipande mtu peke yake, kwani aning'iniaye kwenye mkanda huweza kuzimia kwa dakika chache asiposhushwa.

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 imemtwika mwajiri jukumu la usalama wa wafanyakazi wake. Mwajiri anunuaye kamba moja badala ya mbili hajaokoa fedha. Ameiweka rehani roho ya mwenziwe. Na fundi akataaye kupanda bila mkanda asiitwe mwoga wala mvivu. Huyo ndiye aijuaye kazi yake.