Kapteni Speke na Bei ya Maji ya Ugogo



Niliombwa nizungumzie maisha ya Kapteni John Hanning Speke. Nitayazungumzia, ila kwanza nina deni la kulipa. Mwaka jana, kwenye kongamano moja, msomi ninayemheshimu alisimama akasema rushwa ya nchi hii ilizaliwa Ugogo, kwetu Wagogo, katikati ya Tanzania. Ushahidi wake ulikuwa neno moja tu: hongo. Watemi wa Kigogo waliwatoza wasafiri hongo. Leo hongo ni rushwa. Basi mtoto kafanana na mama. Ukumbi ukacheka. Mimi hata chai ya saa nne ilinishinda.

Habari za Speke mnazijua, nazipitia mbio. Alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1827. Mwaka 1844 akaingia jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India huko Bengal, akapigana vita vya Punjab, likizo zake akazimalizia kuwinda Himalaya. Mwaka 1857 alipita Ugogo na Richard Burton. Mwaka uliofuata akaliona ziwa aliloliita Victoria. Mwishoni mwa 1860 akapita tena, safari hii na James Grant. Tarehe 15 Septemba 1864 alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, siku moja kabla ya mdahalo na Burton mjini Bath. Yametosha.

Ninalotaka mlione ni hili: huyu alikuwa askari tangu umri wa miaka 17, katika jeshi lililozoea kupita penye nchi ya watu bila kubisha hodi. Akifika Kanyenye, huko Ugogo, mtemi Magomba anamwambia asubiri, alipe nguo kwanza. Atauonaje ushuru huo kama si unyang'anyi?

Hebu tukifungue kitabu chake cha 1863. Nakipenda, nikiri, na sura yake ya Ugogo nimeisoma hadi kurasa zimelegea. Humo analalamikia hongo, anapiga vifaru usiku kwa mwanga wa mwezi, kisha anawadharau Wagogo waliokimbilia ile nyama. Lakini humo humo, kama mtu aliyesahau anachotetea, anaandika kwamba nchi ilikuwa na njaa, na watu walikuwa wakila mbegu ili waponye akiba yao ndogo ya nafaka. Mbegu za nini? Wapo wanaosoma hapo mbegu za vibuyu vya kuchotea maji. Mimi nasema ni mbuyu, na aliyekulia Buigiri, kwetu Ugogo, mwaka wa ukame hahitaji kuelezwa zaidi. Sasa pimeni: mwaka wa ubuyu, unaingia msafara wenye midomo zaidi ya mia, unataka uwele, unataka mtama, unataka maji. Mtemi afanye nini, awakaribishe bure?

Tena maji yenyewe ni ya Ugogo! Msafara ulivuka Marenga Mkali, nyika ambayo jina lake tu linakuonya kuhusu maji yake. Kisima cha kwanza baada ya hapo hakikuwa zawadi ya Mungu peke yake. Kilikuwa na waliokichimba.

Bibi yangu alikuwa na kisima cha korongoni. Kila kiangazi mchanga ulikifukia, kila kiangazi alikichimba upya. Siku moja mfanyabiashara wa ng'ombe, mgeni, alinywesha kundi lake bila kuomba. Bibi hakumtukana. Alimpa jembe, akakaa kivulini. Yule bwana alichimba hadi jua likazama.

Na huko kwao Speke je? Barabara za Bath zilianza kutozwa ushuru mwaka 1707, na Uingereza nzima ikajaa vizuizi vya barabarani ambako mwenye farasi na mwenye gari walilipa ndipo wapite. Speke alikua na vizuizi hivyo. Hakuna aliyeviita rushwa, kwa sababu fedha ilitengeneza njia.

Nisiwapake watemi mafuta. Wengine walizidisha, na Magomba alijua kumchosha mgeni hadi aongeze nguo. Lakini hongo ililipwa mchana, mbele ya watu, kwa majadiliano ya wazi. Sheikh Said bin Salim, kiongozi wa misafara yote miwili ya Speke, alijua kwamba bila hiyo hakuna soko wala kisima. Rushwa hulipwa chini ya meza. Neno lilibadilika baadaye, sisi tukabebeshwa mzigo wa maana mpya.

Msomi mwenzangu amekuja leo, namwona safu ya tatu. Kesho asubuhi nitampeleka korongoni. Aje na jembe.