Gesi Inayolinda Kioo cha Dirisha

Msikilizaji, zinapotajwa habari za viwanda, tumezoea kuuliza ajira ngapi na umeme kiasi gani. Leo tuulize kuhusu gesi.

Kiwanda cha vioo cha Mkuranga, mkoani Pwani, kilichozinduliwa mwaka 2023, hutengeneza kioo bapa cha madirisha kwa njia iliyotangazwa Uingereza na kampuni ya Pilkington mwaka 1959. Mchanga, magadi na chokaa huyeyushwa, kisha uji huo humiminwa juu ya bati lililoyeyuka, madini yaleyale yanayochimbwa Kyerwa. Huingia ukiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, huelea na kutanda, kisha hutoka upande wa pili umeshikamana, kwenye nyuzi 600 hivi. Kioo kimenyooka pande zote mbili bila kusuguliwa.

Adui hapo ni oksijeni. Ikilifikia bati, hutengeneza utando unaochafua kioo. Kwa hiyo juu ya bati hupulizwa naitrojeni iliyochanganywa na haidrojeni, asilimia chache tu. Naitrojeni huisukuma hewa nje. Haidrojeni huidaka oksijeni iliyopenya na kuigeuza mvuke wa maji. Kipimo hakizidishwi ovyo, kwani haidrojeni ikikutana na hewa na moto hulipuka.

Uhai wa wafanyakazi uko kwenye kipimo hicho. Ningependa vyuo vyetu vya ufundi vimwandae fundi wa gesi kwa uzito uleule wa fundi umeme: apime uvujaji, asome mita, na awe na mamlaka ya kufunga bomba bila kusubiri ruhusa ya bosi.