KUOMBA UFADHILI WA MASOMO YA UZAMILI: UDAHILI SI UFADHILI

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba)



Kila mwaka wapo watu wa visiwa hivi wanaopokea barua kutoka vyuo vikuu vya ng'ambo, na miongoni mwao wapo ambao furaha ya barua hiyo hugeuka simanzi. Na tuchukulie mfano wa mwalimu wa skuli ya sekondari, mwenye shahada ya kwanza ya daraja la juu, aliyeomba kusoma Shahada ya Uzamili ya Elimu mjini London. Barua imekuja, amekubaliwa. Jamaa wamekusanyika, dua imesomwa, na baba mtu ameuza sehemu ya mikarafuu yake ili mwanawe apate nauli. Wiki chache baadaye ndipo inapofahamika kwamba barua ile ilikuwa ya nafasi ya kusoma tu. Ada, malazi na chakula ni juu ya mwanafunzi mwenyewe. Nafasi inapotea, na mikarafuu hairudi.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza utaratibu wa kuomba ufadhili, ili hasara ya namna hiyo isimfike mtu kwa kukosa kujua. Chuo kitakachotumiwa kuwa mfano ni University College London, kilichoanzishwa mwaka 1826. Kwa jina lake, hicho ni chuo kikuu kishiriki, kwani kwa muda mrefu kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London na shahada zilitolewa kwa jina la chuo hicho kikuu. Mfumo huo si mgeni kwetu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, nacho kilikuwa chuo kishiriki cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Hivi leo University College London kinatoa shahada zake chenyewe, na tangu Disemba 2014 Taasisi ya Elimu ya London, ambayo asili yake ni mwaka 1902, imeunganishwa nacho.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kuwa mwombaji anabisha milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa udahili, na mwenye mlango huo ni chuo. Chuo huangalia shahada ya kwanza, matokeo ya masomo, kiwango cha Kiingereza na barua za wadhamini wa kitaaluma, na hutoza ada ya maombi isiyorudishwa. Mlango wa pili ni wa ufadhili, na mara nyingi mwenye mlango huo ni mwengine kabisa. Kufunguliwa mmoja si kufunguliwa wa pili.

Katika wafadhili wa masomo ya Uingereza, wawili wanafahamika zaidi. Wa kwanza ni ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa katika mkutano wa Oxford mwaka 1959 na kupokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 1960. Ufadhili huu hulipa ada, nauli ya kwenda na kurudi, na posho ya kujikimu. Mwombaji hutakiwa awe raia wa nchi inayostahiki, awe hana uwezo wa kujilipia masomo hayo, na aeleze masomo yake yatainufaisha vipi nchi yake. Wa pili ni ufadhili wa Chevening, ulioanza mwaka 1983, ambao ni wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Huu hudai uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, huruhusu kuchagua kozi tatu, na humfunga aliyefadhiliwa arudi nchini kwake na kukaa si chini ya miaka miwili baada ya masomo. Mfadhili hamtozi mtu fedha kwa kuomba. Basi yeyote anayejitokeza mitaani akidai malipo ili "apeleke jina", huyo aepukwe.

Mkopo ni jambo jengine. Mkopo wa elimu ya juu ni msaada mkubwa, lakini ni deni, nalo hulipwa. Mwombaji asome mkataba wake mstari kwa mstari kabla ya kutia saini, na mdhamini wake afanye vivyo hivyo.

Jambo la pili ni vyeti na majina. Katika visiwa vyetu mtu hutajwa kwa jina lake, la baba na la babu, na kila karani huandika kama alivyosikia. Cheti cha kuzaliwa kina "Khamis", cheti cha skuli kina "Hamisi", na pasipoti imeacha jina la babu. Kwa jirani huyo ni mtu mmoja. Kwa karani wa London hao ni watu watatu. Marekebisho hayo, au hati ya kiapo inayoyathibitisha majina, yafanywe mapema, wala yasisubiri barua ya chuo.

Jambo la tatu ni maelezo ya mwombaji. Wengi huandika kwamba wanataka "kuleta maendeleo kwa taifa", na maneno hayo, hata yakiwa ya kweli, hayamtofautishi mmoja na mwengine. Bwana shamba anayeona maji ya chumvi yakiingia katika mabonde ya mpunga na aandike hivyo hivyo: bonde liko wapi, wakulima wamepoteza nini, yeye amejaribu nini, elimu gani imemkwaza, na akirudi ataanzia wapi. Anayesoma maombi hayo hajapata kukanyaga bonde hilo. Ni kazi ya mwombaji kumfikisha.

Jambo la nne linawahusu watumishi wa Serikali. Mtumishi hufanya makosa anapoficha maombi yake kwa kuwachelea wenzake, kisha akaomba ruhusa ya masomo zikiwa zimebaki siku chache. Barua ya ruhusa hupita kwa mkuu wa kazi hadi kwa Katibu Mkuu, na kwa walioko Pemba hupitia kwa Afisa Mdhamini. Atakayeondoka bila ya ruhusa huhesabiwa mtoro, na akirudi na shahada yake huenda asikikute kiti chake. Wakuu wa kazi nao wanakumbushwa kwamba barua inayolala mezani kwa mwezi mzima inaweza kumnyima mtumishi nafasi ambayo ameitafuta kwa miaka.

Jambo la mwisho ni viza. Mwanafunzi anayejilipia hutakiwa kuonesha kuwa fedha za ada na matumizi zimekaa katika hesabu yake ya benki kwa siku 28 mfululizo. Mwenye ufadhili kamili huonesha barua ya mfadhili. Hapa ndipo tofauti ya barua mbili zile inapodhihirika, na ndipo wasiojiandaa wanapokwama.

Kwa hiyo mwombaji na aanze angalau mwaka mmoja kabla ya masomo. Kwanza ayasome masharti ya mwaka husika, kwani kozi na tarehe hubadilika. Awape wadhamini wake wa kitaaluma muda wa kutosha wa kuandika. Na kila barua inayomfikia aiulize suali moja: nani analipa? Barua isipolijibu suali hilo kwa maandishi, jibu ni kwamba analipa yeye mwenyewe.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama huko ni kusoma, kuuliza na kuandika kwa wakati. Mikarafuu ya wazee na iuzwe, ikibidi kuuzwa, kwa jambo lililokwisha kujulikana.